Mstaafu wa Jeshi Mwanza: Namna ya Kuanzisha Biashara Ndogo Bila Kumaliza Kiinua Mgongo

Kiinua mgongo kikishaingia benki, kiache kitulie. Miezi 3 ya kwanza usinunue gari, usilipe fremu ya mwaka mzima, usimkopeshe mtu. Huo ndio wakati ambao kila mwenye wazo anakuja na wazo lake mlangoni, nawe bado hujajua pensheni ya mwezi inabeba nini na inaacha nini. Ndio wakati pia ambao matapeli hupiga simu wakijitambulisha kuwa ni watu wa Hazina, wakitaka "ada kidogo" ili mafao yaliyobaki yatoke haraka. Mafao hayalipiwi ada kwa simu. Kata.

Fedha isilale bure kipindi hicho. Iweke kwenye amana ya muda ya miezi 3 benki, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao unaruhusu kuchukua fedha yako baada ya siku chache za kazi. Sehemu usiyokusudia kuigusa kwa miaka kadhaa inaweza kwenda kwenye hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali: unanunua kupitia benki yako au dalali aliyesajiliwa, kuanzia shilingi milioni 1, na riba inalipwa mara 2 kwa mwaka.

Kisha ukae na mwenza wako mgawe fedha kwenye karatasi kabla haijagawanyika yenyewe. Tuseme umepata milioni 40. Milioni 20 ni akiba isiyoguswa na biashara yoyote. Milioni 8 ni za nyumba, ada za watoto na matibabu. Zinabaki milioni 12 za biashara, na hizo nazo haziingii zote kwa siku moja: milioni 4 vifaa, milioni 4 mzunguko, milioni 4 zinasubiri. Mstaafu aliyefilisika mara nyingi hakukosea aina ya biashara. Alimaliza mtaji kwenye vifaa na fremu, akafungua mlango bila fedha ya kununulia mzigo wa pili.

Anza na ujuzi ulionao

Jeshini umefundishwa kazi. Dereva wa magari makubwa, fundi mitambo, fundi umeme, mpishi wa watu mia kadhaa, muuguzi, mtunza ghala: zote hizi ni biashara. Tatizo ni kwamba mteja wa uraiani hajui cheo chako kilimaanisha nini kikazi. Nenda VETA uulizie utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti bila kurudi darasani miaka 2. Cheti hicho kinakusaidia kuomba zabuni ndogo za halmashauri na kinampa benki kitu cha kuweka kwenye faili.

Kampuni ya ulinzi huwavutia wengi, na inaeleweka kwa nini. Lakini ipigie hesabu vizuri. Inahitaji kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na kibali cha Jeshi la Polisi, na sare zake zisifanane kabisa na za majeshi. Linaloua kampuni changa za ulinzi ni mishahara. Walinzi 10 kwa 200,000 kila mmoja ni milioni 2 kwa mwezi, kabla ya michango ya NSSF na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Mteja akichelewesha malipo siku 60, umeshatoa milioni 4 mfukoni mwako, na mlinzi asiyelipwa ndiye anayefungua geti usiku. Kama huna akiba ya mishahara ya miezi 3, anza na kitu kingine.

Pikipiki na bajaji za mkataba, ambazo kijana anaendesha na kukulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chake, nazo tuziseme kwa kifupi. Kadi ya chombo ibaki na jina lako mpaka marejesho yaishe, mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, bima na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) viwe hai. Kijana akikosa hesabu wiki 2 mfululizo, chombo kinarudi nyumbani. Hata awe mtoto wa dada yako.

Karatasi, kwa mpangilio wake

Cha kwanza ni majina. Jina kwenye nyaraka za kustaafu, kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki lazima yafanane herufi kwa herufi. Askari wengi waliandikishwa kwa majina 2, NIDA ikaandika 3. Rekebisha hili mapema kwa hati ya kiapo, maana kila hatua inayofuata itakwama hapo.

Baada ya hapo unachukua TIN ya biashara TRA, haina malipo. Ukitaka biashara iwe na jina, lisajili BRELA kwa mtandao ukitumia namba ya NIDA. Andaa mkataba wa pango, upate makadirio ya kodi na cheti cha kutodaiwa kodi, kisha uombe leseni ya biashara kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu (control number). Angalia uko halmashauri ipi: Nyegezi na Buhongwa ni Jiji la Mwanza, Kirumba na Igombe ni Manispaa ya Ilemela. Kusindika chakula kunahitaji nembo ya TBS (shirika la viwango), na kwa mjasiriamali mdogo safari hiyo huanzia SIDO (shirika la viwanda vidogo), kwenye barua ya utambulisho.

Mkopo: uliza swali moja kabla ya kusaini

Benki kadhaa hukopesha wastaafu kwa dhamana ya pensheni, na makato hutoka kabla fedha haijakufikia. Ni mkopo rahisi kupata, kwa hiyo uogope kidogo. Rejesho lisizidi theluthi moja ya pensheni yako, na uulize kama mkopo una bima inayoufuta ukifariki, ili mjane asirithi deni.

Swali lenyewe ni hili: riba inapigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, au juu ya salio linalopungua? Chukua milioni 5 kwa miezi 12, riba 3.5% kwa mwezi. Ikipigwa juu ya mkopo wote, ni 175,000 kila mwezi. Kwa mwaka riba ni 2,100,000 na rejesho ni karibu 591,700 kwa mwezi. Ikipigwa juu ya salio, rejesho linashuka mpaka karibu 517,400, na riba ya mwaka mzima ni takriban 1,209,000. Asilimia ileile imeandikwa kwenye karatasi zote 2, tofauti karibu laki 9. Afisa mikopo asipoweza kukuonyesha jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi, ondoka.

SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya watu unaowafahamu kwa kawaida ni nafuu kuliko benki hizo, lakini ujiunge ukiwa bado kazini au mapema, kwa sababu mkopo hufuata akiba na hisa zako. SIDO nayo ina mfuko wa mikopo midogo, NEDF. Mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mstaafu mwanaume mwenye afya yake hayumo. Mke wako anaweza kuingia kupitia kikundi cha wanawake, na aliyeumia kazini akabaki na ulemavu ana haki ya kuomba. Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Nyumba usiiweke dhamana kwa biashara isiyotimiza mwaka. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kwa rehani ya nyumba ya familia, na sharti hilo linamlinda yeye na watoto, msiligeuze sahihi ya haraka haraka mezani kwa afisa wa benki. Na wakopeshaji wa mtaani, hao wa kausha damu, wanaochukua kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, usiwakaribie. Aliyempa mtu kadi ya pensheni amempa pensheni.

Mfano wa karibu: dagaa

Tunachagua dagaa kwa sababu soko la samaki liko hapa hapa, Mwaloni Kirumba, wanunuzi wanatoka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi, na unaweza kujaribu kwa mtaji chini ya milioni 1. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la mzigo kutoka Sengerema halipangi foleni ya kivuko.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi mingi inapumzika, mzigo unaadimika mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, na bei inapanda. Kwa hiyo mwezi wako wa biashara una takriban wiki 3, siyo 4, na pango la stoo na posho ya kijana havijui mbalamwezi.

Kabla ya kununua ndoo hata moja kwa biashara, fanya jaribio. Nunua kilo 10 mbichi, zianike vizuri, upime tena. Kwa kawaida kilo 3 hadi 4 za mbichi hutoa kilo 1 ya mkavu, lakini unachotaka ni namba ya mwalo wako na mzani wako.

Sasa hesabu. Bei hizi ni za mfano, weka za siku yako. Ndoo 40 za lita 20 kwa 20,000 ni 800,000. Waanikaji, 1,500 kwa ndoo, 60,000. Viroba 6 kwa 2,500, 15,000. Usafiri 60,000. Ushuru na vibali 30,000. Nauli na chakula chako 25,000. Jumla 990,000. Kama kwa namba ya jaribio lako kila ndoo inatoa kilo 4.5 za mkavu, una kilo 180, yaani kila kilo imekugharimu 5,500. Ukiuza 6,500 unabaki na 180,000. Ukinyeshewa, mzigo ukaenda kwa watengeneza chakula cha kuku kwa 4,000, umepoteza 270,000 kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mzigo wa kwanza usizidi robo ya fedha ya mzunguko.

Mambo yote yako kwenye uanikaji. Dagaa wa mchangani hupoteza bei kwa sababu mnunuzi anamwaga kiganjani, anapuliza, anaona mchanga unabaki. Tengeneza chanja: nguzo za mita 1 kutoka chini, upana usiozidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka kila upande, juu yake wavu wa matundu madogo uliovutwa ukakaza. Tandaza tabaka moja, geuza baada ya kama saa 2 za jua kali, geuza tena mchana. Hewa inayopita chini ya wavu inakausha karibu sawa na jua lenyewe. Mvua ikija, funika kwa turubai lililoinuliwa juu ya mzigo, lisiuguse. Dagaa nusu mkavu aliyebanwa chini ya turubai la moto huchemka, anageuka mwekundu na kutoa harufu, na hapo hakuna kumrudisha.

Kumpima kama amekauka, mkunje kichwa kwa mkia. Akivunjika, tayari. Akipinda, mrudishe chanjani, hata kama gari linapiga honi. Ukimfunga kwenye kiroba akiwa na unyevu, siku ya tatu unakuta ukungu katikati ya kiroba, kule ambako mkono hauingii wakati wa kuuza. Akikauka aache apoe kivulini kwanza ndipo umfunge, na viroba vipangwe juu ya mbao, visiguse sakafu wala ukuta.

Kabla ya kununua, jitambulishe kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) wa mwalo na afisa uvuvi. Utahitaji leseni ya kufanya biashara ya mazao ya uvuvi, na mzigo ukisafirishwa uwe na kibali chake. Mzigo usio na karatasi hushikwa barabarani, nao unaharibika wakati unabishana.

Mali kauli, yaani kutoa mzigo leo ulipwe baadaye, kwa wachuuzi ndiyo mtego mkubwa wa mstaafu, kwa sababu anaonekana ana fedha na anaona haya kumkatalia mtu. Weka kiwango, mathalani mchuuzi mmoja asidaiwe zaidi ya kiroba 1, na hapewi kingine mpaka alipe cha kwanza. Mwambie siku ya kwanza.

Daftari na kodi

Nunua daftari lenye kurasa za kutosha mwaka mzima. Kila jioni andika mauzo, manunuzi, matumizi, ulichochukua kwa ajili ya nyumbani, na fedha iliyopo mkononi. Ulichochukua nyumbani kiwe na safu yake. Kisipoandikwa ndicho kinachokula mtaji kimya kimya. Laini ya simu ya biashara iwe tofauti na ile inayopokea pensheni.

Daftari hilo lina thamani TRA pia. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyozoeleka, mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari analipa 30,000. Viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila Julai, kwa hiyo thibitisha dirishani kabla ya kukadiriwa. Malipo yanagawanywa kwa awamu 4: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Awamu 2 za kwanza zinaangukia masika au mara tu baada yake, wakati chanja nyingi ziko tupu kwa mvua, basi fedha yake itenge tangu Januari na Februari, jua likiwa bado linawaka.