Kupima korona wahudumu wa afya wasio na dalili: mwongozo kwa vituo vya visiwani Lamu

1. Orodha

Andika kila anayeingia wodini, si wauguzi na matabibu pekee: msafishaji, mpishi, mlinzi, karani wa mapokezi, hata nahodha wa boti ya wagonjwa. Jina tupu halitoshi, maana akina Mohamed Ali na Ali Mohamed wamejaa Amu, yaani Lamu mjini. Weka namba ya kitambulisho, kwa maka isiyofutika. Wino wa kawaida huondoka na spiriti.

Aliyethibitishwa kuwa na korona ndani ya siku 90 zilizopita na sasa hana dalili, usimpime kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi. Mabaki ya virusi yasiyoambukiza huweza kuonekana kwa wiki kadhaa, naye atatolewa zamu bure.

2. Kipimo gani

Kwa asiye na dalili, kipimo cha haraka cha antijeni (protini za virusi) hukosa wengi kuliko PCR. Hata hivyo, kwa visiwani chagua antijeni. Jibu la PCR likirudi siku ya tatu, mwenye virusi ameshafanya zamu tatu. Pima mara tatu, kila baada ya saa 48, kabla ya zamu kuanza. PCR ibaki ya kuthibitisha.

3. Swabu

Pimia nje kivulini, upepo ukipita ubavuni baina yenu. Ingiza swabu, yaani kijiti cha kuchukulia sampuli, kwenye tundu zote mbili za pua. Kina na mizunguko fuata karatasi ya kifaa hicho. Swabu ya PCR ya nyuma ya pua huelekezwa sikioni, kamwe si juu kuelekea jicho. Iwe ya nyuzi za sintetiki na kijiti cha plastiki, kwa sababu pamba na mti vinaweza kuzuia PCR isifanye kazi.

4. Kaseti

Vifaa vingi vya antijeni huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 30. Stoo ya mabati mwezi wa tatu hupita hapo mapema, kwa hiyo tafuta chumba cha chini cha nyumba ya mawe. Vikitoka kwenye friji, subiri dakika 30 ndipo ufungue, la sivyo kaseti, kile kibao kinachoonyesha jibu, itatoa jasho. Pakiti ichanwe wakati wa kutumia tu. Hewa ya bahari ina unyevu. Bafa (kimiminika cha kuchanganyia sampuli) ya kifaa kimoja usiitie kwenye kingine, huweza kuleta mstari wa uongo. Soma ndani ya muda ulioandikwa, si baada yake. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kaseti imefanya kazi, usipotokea, rudia kwa kaseti mpya.

5. Boksi la kwenda maabara

Hapa sampuli huharibika kwa urahisi. Chupa ya VTM, kimiminika cha kuhifadhia virusi, hukaa nyuzi 2 hadi 8, kwa saa 72 tangu swabu itoke puani. Zaidi ya hapo yahitajika friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri haitoshi. Basi hesabu kinyumenyume kuanzia maabara: barabara ya Kilifi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha bahari. Anayetoka Faza, kisiwani Pate, atazame maji kwanza. Yakipwa, boti kubwa hazipiti Mkanda, mkondo ulio kati ya Manda na bara, zinazunguka Manda kwa nje, na wakati wa kusi huenda nahodha asikubali. Swabu ichukuliwe nahodha akishakubali, si kabla. Na iwe Jumatatu hadi Jumatano; ya Alhamisi itakuta wikendi.

Vunja kijiti kwenye alama yake. Kikibaki kirefu kifuniko hakikazi na chupa itavuja njiani. Zungushia pamba ya kutosha kunyonya kimiminika chote, tia kwenye mfuko wa kufunga, kisha mkebe mgumu, kisha boksi. Fomu zikae nje ya mfuko. Pakiti ya barafu iliyotoka friza sasa hivi usiisogeze karibu na chupa: iache mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani, maana kugandisha na kuyeyusha huharibu virusi. Chupa zisimame wima, kipimajoto ndani, boksi kivulini, mbali na injini.

6. Majibu

Andaa wa kushika zamu kabla ya kupima. Bila hivyo watu watakwepa. Jibu lisemwe faragha, orodha isibandikwe ukutani. Mwenye antijeni chanya aondoke papo hapo. Mwenye hasi aendelee na barakoa, na kipimo kinachofuata ni baada ya saa 48.