Kuosha na kupaka nta sanamu ya bronzi kwa hali ya Dodoma

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imekuwa ikipigwa na upepo wa chumvi tangu 1927. Sisi wa Dodoma tuko mbali na bahari, ila chumvi tunaipandisha wenyewe kwa pampu ya kisima, kisha tunamwagia sanamu tukidhani tunaisafisha.

Hatua ya 1: Ruhusa na majira. Kama sanamu iko kwenye eneo la kihistoria, anzia kwa watu wa Mambo ya Kale, na usichimbe mashimo ya jukwaa bila wao kujua. Kazi ifanyike kiangazi, imalizike kabla ya mvua za Desemba.

Hatua ya 2: Kagua. Kijani kigumu kilichoshikana na metali kiache, kinailinda. Vidoa vya kijani kilichopauka, vya ungaunga unaobaki kidoleni, ni dalili ya kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi, inayokula bronzi kwa ndani. Hapo simamisha kazi umwite mhifadhi wa sanamu, nta haitaizuia. Zibua kwa kijiti matundu ya chini ya kutolea maji. Sanamu kubwa huwa na uwazi ndani na nyuki wanaupenda, kwa hiyo sikiliza kwanza kabla hujapanda ngazi. Kagua na boliti zinazoishikilia sanamu pia, maana bronzi sehemu kubwa ni shaba. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanajua bei ya shaba kuliko wewe.

Hatua ya 3: Pima maji. Mwaga kijiko kimoja cha maji kwenye kioo cheusi, kiache juani kikauke. Kikibaki na ukungu mweupe, maji hayo hayafai. Tumia ya mvua uliyokinga, au nunua yale ya betri yasiyo na asidi. Ni gharama, ndiyo, lakini yanahitajika zaidi kwenye suuza ya mwisho.

Hatua ya 4: Osha. Pangusa vumbi kwanza kwa brashi laini kavu, maana vumbi letu lina mchanga wa miamba na ukilisugua likiwa limelowa linakwaruza. Ndipo uoshe kwa sabuni ya maji kidogo, isiyo na amonia wala klorini. Steelwaya isiguse kabisa.

Hatua ya 5: Nta. Singida wana nta nzuri ya nyuki, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na hulainika mapema zaidi. Juani itanata na kukusanya vumbi. Chukua nta ngumu ya mikrokristalini, inayotokana na petroli. Ulaya hupasha bronzi kwa moto wa gesi; hapa jua la saa saba mchana linatosha. Tundika turubai upande wa mashariki kuzuia upepo, paka nta nyembamba metali ikiwa moto, iache ipoe, kisha ing'arishe jioni kwa kitambaa cha pamba.

Kesho yake nyunyizia maji. Yakijikusanya kuwa matone, nta imeshika, yakitandaa, rudia. Mabega na magoti, wanapokalia watoto wakipigwa picha, yape mkono wa pili hata kama yanaonekana sawa.