Unahama HP au Dell kwenda MacBook? Laptopu ya zamani usiiuze kwanza

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku mtaani kwetu Kisasa, Dodoma, watu kibao wamejikuta na laptopu nzima kabisa ila haipokei Windows 11, maana Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na laptopu nyingi tulizonazo majumbani ni used za kutoka maofisi ya nje, kizazi cha 4, cha 6, huko. Ndo hapo mtu anasema kama ni kununua tena basi nihame kabisa. Sisi nyumbani tulitoka HP tukaenda MacBook Air ya M1, na kila anayeniuliza namwambia neno moja kabla ya yote: kaa na mashine zote mbili mwezi mzima. Mambo mengi uliyoyasahau kwenye ile ya zamani utayakumbuka wiki ya pili au ya tatu, na kama ushaiuza ndo basi tena.

Kabla hujatoa hela kaa na watu wa nyumbani, kila mmoja aseme anatumia nini. Mke wangu anaweka mahesabu ya kikoba kwenye Excel, Excel ipo kwenye Mac na faili lilifunguka vizuri, ila lile faili lilitengenezwa na kijana mmoja akaweka vitufe vya kubonyeza vya ActiveX, na hivyo kwenye Mac havifanyi kazi kabisa. Ilibidi tukae jioni mbili kutengeneza upya ile sehemu. Programu yoyote inayoishia na .exe haifunguki kwenye Mac, na hizi Mac za chipu ya M, ile ya Apple wenyewe, huwezi kuwekea Windows pembeni kwa Boot Camp kama zamani. Kwahiyo kama nyumbani kuna mtu anategemea programu ya uhasibu ya Windows tu, au mtoto anacheza magemu ya Windows, mi nakushauri bila kuficha ubaki huko huko, toka HP nenda Lenovo au Dell ya kizazi kipya, hapo kuhama ni kunakili mafaili tu na maisha yanaendelea.

Sasa kununua, hapa nitakaa kidogo kwa sababu paliniumiza. MacBook ya kwanza niliyonunua ilikuwa used, nikaikagua kioo, kibodi, spika, vyote safi, nikalipa. Nimefika nyumbani nikaifuta ianze upya, nikaiunga intaneti, ikaja skrini inasema mashine inasimamiwa na kampuni fulani ya nje, ingiza pasiwedi ya kazini. Ilikuwa laptopu ya kampuni ambayo haikutolewa kwenye mfumo wao, na hiyo kufomati hakuisaidii, kila ukiiwasha upya na intaneti inarudi pale pale. Hela nilirudishiwa baada ya mvutano mrefu sana, na sitaki yakukute.

Kwahiyo fanya hivi mbele ya muuzaji. Mwambie aingie kwenye mipangilio aifute yote kabisa, iwashe upya, alafu uiunge na hotspoti ya simu yako mwenyewe uiache iendelee mpaka ifike pa kutengeneza jina la mtumiaji. Ikikuomba akaunti ya Apple (Apple ID) ya mtu mwingine, au ikikuandikia Remote Management, yani bado inasimamiwa na kampuni, irudishe hapo hapo hata kama bei ni tamu kiasi gani. Ikipita, maliza kuifungua, shikilia kitufe cha Option ubonyeze alama ya tufaha juu kushoto, fungua System Information, nenda Power uangalie Cycle Count, yani betri imezunguka chaji mara ngapi. Betri za hizi MacBook zimepangiwa mizunguko 1000, ukikuta 900 na kitu ujue unanunua na gharama ya betri juu yake.

Chukua ya chipu ya M, yani M1 ya mwishoni mwa 2020 kuja mbele. Zile za Intel bei yake inavutia ila Apple wenyewe wametangaza kwamba mfumo wa macOS Tahoe wa 2025 ndo toleo la mwisho kwa Mac za Intel, utakuwa umekimbia tatizo la Windows 10 ukalikuta limekusubiri mbele. Na ukubwa chagua siku hiyo hiyo maana ramu na hifadhi ya MacBook Air huwezi kuongeza baadaye, sio kama HP ambayo fundi anafungua anachomeka ramu nyingine mnaagana. Giga 8 za ramu kwa nyumbani zinatosha, hifadhi ya 256 inajaa haraka kama mna picha na video nyingi. Kitu kimoja nilichokipenda kwa mji wetu huu wa vumbi, MacBook Air ya M haina feni kabisa. HP yetu kila fundi akiifungua feni imeshonana na vumbi jekundu, hasa miezi ile ya upepo kabla mvua hazijaanza. Ila futa kibodi kabla ya kuifunga, kioo kimekaa karibu sana na vitufe na punje ya mchanga inaweza kukipasua. Chaja ikija na pini bapa za Marekani usiogope, ile inakula volti 100 mpaka 240, kinachotakiwa ni kichwa cha pini tatu tu.

Haya, mafaili. Washa ile ya zamani na ufanye msako. Watu wanaangalia Desktop na Documents wanadhani wamemaliza, kumbe picha za harusi zipo kwenye D, barua za kiwanja zipo kwenye Downloads, na kuna foda mtu alilitengeneza moja kwa moja kwenye C miaka hiyo. Kila foda bonyeza kitufe cha kulia, Properties, andika ukubwa na idadi ya mafaili kwenye karatasi. Hiyo karatasi itakuokoa, maana ukishahamisha unalinganisha namba, kama kule kulikuwa na mafaili 4,312 na huku yapo 4,290 unajua kuna 22 zimebaki njiani. Pasiwedi na kurasa ulizohifadhi kwenye Chrome, hakikisha Chrome imeingia kwenye akaunti yako ya Google na usawazishaji umewashwa, ukiingia na akaunti ile ile kwenye Mac vinakuja vyenyewe.

Njia rahisi ni diski ya nje. Lakini diski nyingi zinazotumika na Windows zimefomatiwa kwa muundo wa Windows unaoitwa NTFS, na Mac inaisoma NTFS ila haiandiki ndani yake. Kuleta mafaili utaleta, kurudisha ndo inagoma, na mtu anadhani diski imekufa. Tumia exFAT, inasomeka na kuandikika pande zote mbili. Hiyo FAT32 achana nayo, haibebi faili moja linalozidi giga 4, video ya kitchen party haiingii. Na tafadhali, kufomati kunafuta kila kitu, kwahiyo diski unayoifomati iwe tupu au vitu vyake viwe vimehamishiwa pengine kwanza.

Njia nyingine ni programu ya Apple inaitwa Migration Assistant, unaiweka kwenye Windows na kwenye Mac ipo tayari, mashine zote zinaungwa kwenye wifi moja na zinahamishiana zenyewe. Uzuri wake mafaili yanapita ndani ya ruta tu, hayali bando. Sisi tulianza saa tatu usiku tukaamka imemaliza. Hakikisha HP imechomekwa kwenye umeme na imezuiwa kulala, na kama betri yake imekufa omba TANESCO wawe upande wako usiku huo, ikikatika katikati unaanza upya.

Speaking ya bando, Mac mpya inakula. Toleo jipya la macOS linaweza kufika giga 10 na zaidi, na likijishusha lenyewe usiku asubuhi bando la mwezi limekwisha. Ingia kwenye mipangilio uzime kujiapdeti kwenyewe, na kwenye wifi ya nyumbani washa Low Data Mode. iCloud, yani hifadhi ya Apple ya mtandaoni, nayo ya bure ni giga 5 tu, ikikuuliza kama iweke Desktop na Documents huko mwambie hapana kwanza. Maapdeti ya usalama usiyapuuze lakini, panga siku uyashushe sehemu yenye intaneti isiyo ya kupimwa.

Mazoea ndo yanachukua muda. Kunakili na kubandika ni Komandi na C, Komandi na V, kile kitufe cha pembeni ya spesi, na vidole vitakosea wiki nzima. Kubonyeza kulia ni vidole viwili kwenye tachipadi. Ule mviringo mwekundu unafunga dirisha tu, programu bado ipo hai, ya kuizima kabisa ni Komandi na Q. Ukipotea, Komandi na spesi, andika jina la unachotafuta. Kijana wetu wa fomu two alizoea siku mbili, mama yangu alipokuja kutoka Kondoa nilimwachia HP yake maana yeye anaangalia picha za wajukuu tu, sikuona haja ya kumsumbua.

Mkienda steshenari kuprinti msipeleke faili la Pages, ile programu ya Apple ya kuandikia, kule halifunguki, litoeni kama PDF kabisa. Na wakiona kwenye flashi vifaili vya ajabu vinaanzia na nukta wasiseme ni virusi, Mac huwa inaviacha na havina madhara.

Mwezi ukiisha na hamjaigusa HP kwa wiki mbili mfululizo, chukua diski nyingine uwashe Time Machine ili Mac iwe na nakala yake, alafu rudi kwenye ile karatasi ulinganishe namba mara ya mwisho. Hapo sasa toka kwenye akaunti zote za kwenye HP, ingia Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu pamoja na kusafisha diski, iache hata kama ni masaa manne. Ikiwaka kama mpya ndo umkabidhi mnunuzi pamoja na chaja yake.