Somo: Kuitambua Land Rover ya zamani na kukadiria bei yake kabla ya kuikarabati

Wakuu, kila mara naletewa picha ya Land Rover iliyopigwa ubavuni na swali lile lile: "Hii ni ya mwaka gani, nitoe bei gani?" Picha ya ubavu haitoshi. Fuata hatua hizi kwanza.

1. Soma hati za gari, nakili namba ya chesisi na ya injini.

2. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Sentimita 224 ni inchi 88, yaani Land Rover fupi. Sentimita 277 ni inchi 109, yaani ndefu.

3. Angalia sura ili ujue ni toleo gani; matoleo ya zamani yanaitwa Series. Series III (1971 hadi 1985) ina grili ya plastiki na geji mbele ya dereva. Series II na IIA geji ziko katikati ya dashibodi. Taa kwenye madigadi si ushahidi wa Series III, IIA za mwisho nazo zinazo.

4. Tafuta namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na ya hati. Kuanzia Series II hadi III imegongwa kwenye chesisi, mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Safisha kwa brashi na mafuta ya taa. Usipige msasa, utaifuta.

5. Chesisi. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, na chuma hicho ni boksi lenye uwazi ndani: maji na tope huingia, kutu inakula kutoka ndani huku nje kunang'aa. Lala chini na nyundo ndogo. Gonga boriti ya nyuma, mikono inayobeba bodi na vishikio vya springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio mfu. Ukikuta lami nyeusi imepakwa juzi, kwangua kidogo kwa bisibisi. Muuzaji akikataa, ondoka. Angalia pia ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, hasa miguuni.

6. Bei. Anza na bei ya gari kama hilo likiwa limekamilika, toa gharama zote za ukarabati, toa na akiba ya dharura. Kinachobaki ndiyo bei ya kumpa muuzaji. Namba zikipishana na hati, usinunue.

Swali: Mkuu, ya kijani ni bei gani?
Jibu: Rangi haina bei. Anza hatua ya 1.

Swali: Bodi haina kutu hata kidogo, si inatosha?
Jibu: Soma tena hatua ya 5. Nimeiandika ndefu kwa ajili yako.

Swali: Namba yangu ya chesisi inaanza na 241 na mwishoni ina herufi. Herufi ni ya mwaka?
Jibu: Swali zuri sana. 241 ni IIA ya inchi 88, petroli, usukani kulia, soko la Uingereza. Herufi si mwaka. Inaonyesha mabadiliko ya kiufundi. Mtajie muuza spea herufi hiyo, vinginevyo utapewa kifaa kisichoingia.

Swali: Unga mweupe kwenye maungio ya bodi ni nini?
Jibu: Aluminiamu inaliwa pale inapogusana na chuma penye unyevu. Ukifungua, safisha, paka rangi pande zote mbili, kisha weka mpira mwembamba katikati kabla ya kukaza bolti.