Kumfundisha mama wa kabambe bila kumnyang'anya simu

Siku ya soko hapa Ahero, kibanda changu hujaa kina mama wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Wajukuu wako Kisumu mjini na simu za kugusa. Kina mama hawa bando la intaneti hawalijui. Usiwahurumie, wafundishe.

Simu isitoke mkononi mwake. Ukiishika wewe, umemfanyia kazi tu. Mwekee kidole kwenye kitufe cha 5: kina kinundu kidogo, hata macho yakiwa hafifu atakipapasa, apate 2 juu yake na 8 chini. Dani mmoja, ndivyo tunavyowaita nyanya huku, alikuwa amebonyeza simu hadi namba zote zikafutika. Kinundu kilibaki, kikamtosha.

Kabla ya kubonyeza nyota, chukueni karatasi. *334# ya M-Pesa na *147# ya kujisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya, hazihitaji intaneti, ila hazina subira: akianza kutafuta kitambulisho mkobani, menyu inakatika na mnaanza upya. Andika kwanza namba mtakazohitaji, kama ya kitambulisho, kwa maandishi makubwa.

Akifika namba ya siri, geuza uso. Mimi hutoka nje kabisa. Kuna kijana alimchagulia mteja wangu namba hiyo, eti amsaidie kukumbuka. Pesa za mahindi zikapotea. Mama akikosea namba ya siri mara mbili, acheni kwanza, mnywe chai.

Kisha akutumie shilingi 10. Ujumbe ukiingia, mwachie ausome mwenyewe, kwa sauti, hata foleni ikinung'unika. Halafu mrudishie kumi yake.