Jinsi ya Kuomba Uteuzi wa Jimbo ili Kupata Ukaazi wa Kudumu Kanada

Majimbo ya Kanada yalianza kuteua wahamiaji wenye ujuzi mwaka 1998, na leo ni Quebec, yenye utaratibu wake, pamoja na Nunavut tu ambazo hazimo katika mpango huu. Jimbo hukuteua, lakini ukaazi wa kudumu hutolewa na serikali ya shirikisho, kwa hiyo jiandae kwa maombi mawili.

Hatua ya kwanza, tafuta msimbo wa kazi yako katika orodha ya kazi ya Kanada iitwayo NOC. Usifuate cheo, fuata majukumu: "afisa tehama" mmoja hutengeneza kompyuta na printa, mwingine huandika programu, na misimbo yao ni tofauti.

Hatua ya pili, fanya mtihani wa lugha, ambao matokeo yake hutumika kwa miaka 2, na upeleke vyeti vyako vya masomo vikafanyiwe tathmini. Anayetoka Kongo au Burundi na anajua Kifaransa vizuri afanye na mtihani wa lugha hiyo, kwani humwongezea alama zinazotumika kuwapanga waombaji.

Hatua ya tatu ni barua za waajiri, na hapa ndipo ninapowaomba wateja wangu wasiwe na haraka. Barua nyingi ninazoletewa zina mistari minne: fulani alikuwa mtumishi mwaminifu, tunamtakia kila la heri, kisha mhuri. Barua hiyo haimsaidii ofisa anayepima ombi, kwa sababu anatafuta tarehe za kuanza na kuacha kazi, saa kwa wiki, mshahara, na majukumu yaliyoelezwa kwa maneno ya mwajiri mwenyewe. Ikiwa kampuni imefungwa, kusanya mkataba, hati za mshahara na taarifa za benki, wala usikubali kuandikiwa barua ya uongo, maana adhabu yake ni kuzuiwa miaka 5.

Hatua ya nne, chagua jimbo ambalo kweli unakusudia kuishi, kwa kuwa utaulizwa. Manitoba, kwa mfano, huthamini sana kuwa na ndugu au rafiki huko. Ukiteuliwa kupitia Express Entry, yaani mfumo wa shirikisho unaowapanga waombaji kwa alama na kuwaalika wenye alama za juu, utaongezewa alama 600; ukubali uteuzi ndani ya siku 30, na ukialikwa utakuwa na siku 60 za kuwasilisha ombi la shirikisho.

Siku hizo 60 huisha upesi. Cheti cha polisi hutakiwa kwa kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, hivyo aliyewahi kufanya kazi Oman au Dubai aanze kukishughulikia cha huko kabla mwaliko haujafika.