Swali la kipimo: kumsaidia mteja aone hatua aliyopiga

Mteja wa ushauri nasaha yuko kikao cha tatu. Unamuuliza anaendeleaje, anajibu, "Hivyo hivyo tu." Mara nyingi kuna kitu kimesogea, ila hajakiona. Swali la kipimo cha 0 hadi 10 linasaidia kukitafuta. Steve de Shazer, Insoo Kim Berg na wenzao walilikuza huko Milwaukee, Marekani, katika tiba fupi inayolenga suluhisho. Halidai kifaa chochote, kwa hiyo linafaa hata kwenye chumba kidogo cha zahanati huku Mufindi au Kilolo, mkoani Iringa.

1. Eleza ncha zote mbili. "10 ni siku ambayo jambo lililokuleta halikusumbui tena. 0 ni pale lilipokuelemea kuliko wakati wowote." Usipite haraka hapa. Aliyesoma sekondari anajua divisheni wani ndiyo bora, na aliyetoka hospitali huenda aliulizwa maumivu, ambako 10 ndiyo mbaya kabisa. Mwombe akurudishie maelezo kwa maneno yake. Asiyependa namba, mpangie punje kumi za mahindi mezani atenge zinazolingana na hali yake.

2. Pokea namba bila kuijadili. Ukisema "mbona ndogo?" umemgeuza mtahiniwa, na kikao kijacho atakupa namba ya kukuridhisha. Wanaokuheshimu sana ndio hasa wanaofanya hivyo. Mwambie mapema kwamba hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Pia usilinganishe 4 yake na 4 ya mteja mwingine.

3. Uliza ya chini kabla ya ya juu. Kazi yote iko hapa. Chukua mfano wa mwanaume wa Iringa anayetaka kupunguza ulanzi, pombe ya mianzi:

"Leo uko ngapi, kaka?"
"Labda tatu."
"Tatu. Kwa nini tatu, isiwe moja?"
"Juzi nilipitia kilabuni, sikukaa."
"Uliwezaje kuondoka?"
"Nilimwachia mke wangu hela yote, nikabaki na nauli."
"Nini kingine?"

Sasa ana mbinu aliyoibuni mwenyewe. Ungeuliza "kwa nini si saba?" angekuorodheshea udhaifu wake. Rudia "nini kingine?" hata mara tatu au nne, kisha unyamaze. Jibu la maana mara nyingi huja baada ya ukimya, na mshauri mwenye haraka hulikosa. Liandike kama alivyolisema, umsomee kikao kijacho.

4. Leta jicho la mtu wa karibu. "Mkeo nikimuuliza, atasema ngapi? Ameona nini?" Namba yake ikizidi ya mteja, mmepata ushahidi ambao mteja alikuwa anaupuuza.

5. Panda kidogo. Kutoka 3 uliza kuhusu 4, au hata 3 na nusu. Usikubali jibu la "sitakunywa" peke yake. Uliza saa hizo atakuwa wapi, na nani, akifanya nini.

Namba ikishuka, tuseme kutoka 6 hadi 3, kubali kwanza kwamba wiki ilikuwa nzito, halafu uliza amefanya nini isifike 1. Akisema 0, acha kusaka maendeleo. Uliza anavukaje siku, kisha muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke kwenye huduma ya afya ya akili siku hiyohiyo. Na mnywaji wa kila siku anayeamka akitetemeka aonwe na daktari kabla ya kuacha, maana kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege.

Kuna kipimo cha pili kinachosahaulika, cha kujiamini: "Kutoka 0 hadi 10, una uhakika gani kwamba utabaki hapo ulipofika?" Kwa mteja wa ulanzi, kiulize kabla mvua hazijaanza, kwa sababu 6 aliyoipata kiangazi, ulanzi ukiwa adimu, bado haijajaribiwa. Akijibu 4, tumieni kikao hicho kupanga atapita njia gani kurudi nyumbani na hela ya siku itakaa kwa nani.